Swali la Kumi na Saba

Jaafar Chirau wa Mwabungo hakuzaliwa mtu wa farasi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa askari wa lango katika nyumba moja kubwa huko Diani, kazi ya kufungua, kufunga na kusalimia, na hiyo ya tatu ndiyo aliyoiweza zaidi. Jaafar akikusalimia hukuuliza hali yako, ya watoto, ya mji, ya kuku na ya mvua, na usithubutu kuruka hata moja. Huyu ndiye aliyeunguliwa na paa, jirani akamuuliza habari za asubuhi, akajibu, "Alhamdulillahi, hatujambo, ila kumeungua kidogo." Ukishalijua hilo, nusu ya hadithi hii umeshaimaliza.

Mtu wa farasi alikuwa kaka yake, Swabir. Mwajiri wake aliyekuwa akirudi kwao alimwachia farasi jike mwekundu, Swabir akamwita Zafarani, na kwa miaka minane akawa akiwapandisha wageni kwenye ufuo wa Galu. Swabir alikuwa mrefu, mcheshi mbele za watu, mwenye kutumia mkono wa kushoto kwa kila kitu isipokuwa kula. Farasi wake alisifiwa kwa utulivu. Swabir akisimama kando yake, Zafarani hakutikisa hata sikio, na watu wakasema yule ana mkono wa wanyama.

Swabir alifariki kwa maradhi ya sukari. Jamaa walikubaliana farasi awe wa mjane wake, Mwanapili, na kwa kuwa Mwanapili alikuwa amekaa eda, Jaafar akaacha lango la watu akashika kamba. Nyumba zao zilipakana ukuta kwa ukuta tangu zamani. Mwanapili alikuwa mwanamke wa maneno machache, wa kuitwa mara mbili ndipo aitike. Majirani walisema ana maringo, na Jaafar alizoea kumtania, "Shemeji, hodi ya kwako hulipiwa kodi!" Mwanapili alikuwa akitabasamu tu.

Hapo vioja vikaanza. Zafarani alikataa kufuatwa upande wa kulia. Ukija kulia alirudi nyuma, ukiinua mkono alirusha kichwa. Siku moja mgeni kutoka Nairobi, akiwa ndiyo kwanza anamsogelea, aliinua mkono kuweka sawa kofia yake. Farasi akasimama kwa miguu ya nyuma, mama wa watu akaanguka chali mchangani. Hakuvunjika, ila habari zilifika ufuo mzima kabla ya adhuhuri, na tangu siku hiyo hakuna aliyetaka kumpanda Zafarani.

Daktari wa mifugo alishuka kutoka Kwale, akampima macho, masikio na meno. "Mzima huyu," alisema. "Lake liko moyoni, na mimi dawa ya moyo sina." Akampa Jaafar anwani ya baruapepe ya mama mmoja anayeitwa Rispah Ndulu, aliyelelewa kwenye ranchi ya Konza ambako baba yake alikuwa mtunza farasi. Sasa anaishi Naivasha, na watu wa kila pembe ya nchi humwandikia. Sifa yake ni kwamba hakupi ushauri wa farasi kwa jumla. Anakupa wa farasi wako wewe.

Jaafar aliandika kwa kidole kimoja, asubuhi mbili. Aliandika salamu, dua, hali ya hewa ya pwani, akauliza za Naivasha, na mwishoni kabisa, kwa haya, akataja kwamba farasi ana matatizo madogo.

Jibu lilikuja siku hiyo hiyo. "Jaafar, salama. Nimefurahi kuku wenu ni wazima. Sasa niambie hiyo farasi iko na shida gani." Chini yake kulikuwa na maswali ishirini na manne, na mstari mmoja wa mwisho: "Jibu yote. Sitaki majibu ya heshima, nataka ya ukweli."

Jaafar alimsamehe Kiswahili chake cha bara, kwa kuwa msaada ni msaada. Akajibu moja baada ya jingine. Alimpima Zafarani tumbo kwa kamba, akahesabu ndoo za maji, akaeleza nyasi anazokula na mahali anapolala. Alikwenda vizuri mpaka swali la kumi na saba. "Mtu aliyemshika kabla yako alikuwa anampiga? Kama ndiyo, wapi, na kwa mkono gani?"

Alizima simu, akakaa.

Alikuwa ameona. Si mara moja. Nyuma ya banda, fimbo ya mkwaju, na farasi amesimama kimya. Lakini siku ya maziko, jeneza likiwa mbele ya watu, shehe aliuliza kama inavyoulizwa, "Mwamjuaje marehemu?" na msikiti mzima ukaitika, "Mtu mwema!" Sauti ya Jaafar ilikuwa juu kuliko zote. Sasa alikanushe neno hilo kwa mtu wa Naivasha asiyemjua, kwa ajili ya mnyama? Maiti hasemwi. Akaandika: "Marehemu ndugu yangu alikuwa mtu mwema sana, Mungu amrehemu. Hakumpiga."

Ushauri ulikuja mrefu, wazi, umeandikwa kwa ajili ya farasi asiyewahi kupigwa. Kwamba anamjaribu bwana mpya. Kwamba Jaafar amfunge kamba fupi, asimame kulia, ainue mkono na kuushusha, tena na tena, wala asirudi nyuma mpaka farasi achoke kukataa.

Jaafar alifuata neno kwa neno. Siku ya kwanza Zafarani alitetemeka. Siku ya pili alitoka jasho amesimama. Siku ya tatu alikata kamba, akapita kwenye ua wa seng'enge akipasua kifua.

Mwanapili, ambaye eda yake ilikuwa imekwisha wiki mbili kabla, alikuja akalitazama jeraha likioshwa kwa maji ya chumvi. "Simuwezi tena, shemeji," alisema. "Kuna mnunuzi wa Taru. Atakuja Jumamosi." Jaafar alimjua mnunuzi huyo na kazi aliyowanunulia wanyama: kuvuta mikokoteni ya mawe mpaka waanguke. Zafarani aliweka pua yake kwenye mkono wa Jaafar, upande wa kushoto, palepale alipopenda kuiweka, na Jaafar akalia. Mtu mzima, tena askari mstaafu. Alimpenda yule farasi, na aliyemfikisha kwenye seng'enge ni yeye.

Alimwandikia Rispah yaliyotokea, safari hii salamu zikiwa fupi. Rispah akajibu: "Pole kwa jeraha. Lakini hii haifanani na majibu yako. Kuna kitu umenificha. Ushauri wangu ulikuwa wa farasi uliyeniandikia, na huyo farasi hayuko. Mficha uchi hazai, Jaafar."

Alhamisi alasiri Jaafar alipiga hodi kwa shemeji yake. Akapiga ya pili, akaitikiwa. Mwanapili alikuwa chini, anashona makuti.

"Shemeji, nimekuja kuomba siku."

"Za nini? Huyo mama si ameshashindwa?"

"Hakushindwa. Kuna swali aliniuliza, na mimi sikulijibu inavyopasa." Akamsomea lile la kumi na saba. Mikono ya Mwanapili ikasimama.

"Ukamjibuje?"

"Nimesema hakupigwa."

"Umemdanganya mtu anayetaka kukusaidia."

"Shemeji, maiti hasemwi."

"Hasemwi, ndiyo," Mwanapili alisema. "Na aliyebaki hai je, na yeye hasemwi?" Akaliweka kuti pembeni. "Andika. Andika kwamba alipigwa kichwani, upande wa kulia, juu ya sikio. Kwa mkono wa kushoto."

"Kumbe na wewe ulimwona?"

Mwanapili alisogeza mtandio, akagusa sikio lake la kulia kwa kidole. "Hili halisikii, Jaafar. Mwaka wa kumi na moja huu."

Hakumwita shemeji. Jaafar aliitazama ile ngozi nyuma ya sikio, iliyopona vibaya, na hodi zake zote mbilimbili zikamrudi, na utani wake wa kodi, na yale maringo ya majirani. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Tena muulize huyo mama," Mwanapili aliongeza, akirudi kwenye makuti yake, "aliyepigwa hivyo hupona?"

Jaafar aliandika palepale kizingitini. Hakuweka salamu. "Ndugu yangu alimpiga. Kichwani, kulia, mkono wa kushoto, kwa miaka minane. Niliona nikanyamaza. Nauliza, aliyepigwa hivyo hupona?" Ilikuwa barua fupi kuliko zote alizowahi kuandika maishani mwake.

Jibu aliliona Ijumaa baada ya swala. Akaenda kwa Mwanapili na kanzu yake. Mlangoni alisita, kisha akaingia, akalizunguka rundo la makuti, akakaa upande wa kushoto.

"Shemeji."

Mwanapili aliitika hapohapo, akageuka kumtazama. Jaafar akasoma.

"Asante kwa ukweli. Sasa naona farasi. Kwanza ujue hakuwa ametulia kwa ndugu yako, alikuwa anaogopa. Kwa mwezi mzima usiguse upande wa kulia. Njoo kwa kushoto, mikono chini, ongea naye kabla hujafika. Usimwombe kitu. Siku akigeuka mwenyewe akuonyeshe upande wa kulia, hapo ndio mtaanza. Inaweza kuwa mwaka. Swali lako: hupona, ila hasahau. Na haponi kwa wale wanaojifanya hawakuona."

Mwanapili alimaliza kushona kuti lake. Kisha akasema, "Mpigie yule wa Taru, asijisumbue kuja."

Jaafar alipaswa kufurahi, na alifurahi, lakini hakuinuka. Aliirudia kuisoma sentensi ya mwisho ya barua.

"Mimi nilikuwa nasikia," alisema. "Usiku. Ukuta ni mmoja."

"Najua," Mwanapili alijibu. "Na mimi nilikuwa nakusikia ukikohoa."