Mjibu wa Kumi na Nne

Mwaka wa mwisho wa lisansi, shahada yetu ya sosholojia, kila mmoja wetu alipaswa kuandika mémoire, kitabu chake kidogo cha utafiti, kisha akitetee mbele ya walimu. Mimi nilichagua wavuvi wa maporomoko ya mto. Nilitaka kujua familia zinagawana vipi nafasi za kutega vikapu kati ya miti mirefu iliyosimamishwa ndani ya maji makali, na wanawake wanapata nini samaki wakishatolewa kwenye vikapu.

Nilichagua somo hilo kwa sababu nililiona halina hatari. Wenzangu wawili walitaka kuandika juu ya mishahara ya wafanyakazi. Profesa aliyetuongoza aliwaita mmoja mmoja, akafunga mlango, nao wakatoka na mada nyingine. Mimi aliniambia, "Samaki ni sawa, citoyenne. Samaki hawana siasa." Siku zile sote tuliitwa hivyo kwa amri, citoyen na citoyenne, yaani mwananchi.

Nilikuwa nikikaa mtaa wa Kabondo kwa tantine, dada mdogo wa mama yangu. Nilitumia daftari mbili. Katika moja, nililoondoka nalo kila asubuhi, niliandika majibu ya watu kwa namba tu: mjibu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Katika jingine, ambalo lilibaki nyumbani ndani ya sanduku la nguo, niliandika kila namba ni nani. Ndivyo tulivyofundishwa. Niliwaahidi wote kwamba majina yao hayatajulikana, na niliisema ahadi hiyo kwa wepesi, kama mtu anayesema habari ya asubuhi.

Mjibu wa kumi na nne alikuwa mama mwembamba aliyekausha samaki kwa moshi nyuma ya nyumba yake. Alijibu maswali yangu yote bila kuacha kugeuza samaki. Nilipofunga daftari, akasema, "Haujaniuliza samaki ya sikukuu."

"Samaki gani, mama?"

"Sikukuu ya Chama ikikaribia, watu wa ofisi wanakuja kubeba. Wanasema ni zawadi ya wananchi. Mwaka jana bwana yangu alikataa. Walimukamata siku ine. Alirudi, sikio moja haisikie tena." Alininyooshea kidole chenye masizi. "Andika."

Niliandika. Maneno yake niliyaweka kama alivyoyasema.

Siku mbili baadaye, nikirudi kutoka mtoni mchana, mwanamume mmoja aliyevaa abakosti ya kijivu, lile koti la Chama lisilovaliwa tai, alinisimamisha njiani. Alikuwa mkubwa wa propaganda katika ofisi ya Chama mtaani. Aliomba karatasi yangu ya ruhusa. Nilikuwa nayo, lakini muhuri wake ulikuwa wa mwaka wa masomo uliopita. Akalichukua daftari la majibu mkononi mwangu, akalipima kama anayepima nyama. "Utakuja kulichukua siku ya kwanza, citoyenne. Ofisini kwangu."

Ilikuwa Ijumaa; siku ya kwanza ni Jumatatu.

Sijui niseme nini juu ya siku zile tatu. Nilikula bila kujua ninachokula. Kila pikipiki ilipopita barabarani nilichungulia dirishani. Nilijaribu kukumbuka kila neno lililomo katika daftari lile, na kila mara nilifika kwenye ukurasa ule ule wa mjibu wa kumi na nne. Jumamosi nilimwambia tantine. Alikuwa anatwanga ndizi za kupikia lituma. Aliweka mchi chini, akaingia chumbani, akafungua sanduku, akatoka na daftari la majina. Akalichana ukurasa kwa ukurasa, akalitia kwenye makaa ya jiko.

"Sasa hata wakikuuliza, haujue," alisema.

"Lakini ninajua, tantine. Majina yote iko kichwani."

Akanitazama. "Basi sahau." Akarudi kwenye kinu chake.

Jumatatu ofisi ilikuwa na joto. Picha ya Rais ilining'inia juu ya kiti cha yule bwana, na daftari langu lilikuwa wazi mezani. Alikuwa amepiga mistari kwa kalamu nyekundu, kama mwalimu anayesahihisha. Alisoma kwa sauti, polepole, mpaka siku nne za kifungo na sikio. Kisha akauliza, "Kumi na nne ni nani?"

"Sijui, citoyen. Tunachukua namba tu. Hatuchukui majina."

"Mutu hawezi kuwa numero."

"Katika sosholojia ndivyo ilivyo."

Sijui jibu lile lilitoka wapi. Halafu akasukuma karatasi nyeupe mbele yangu.

"Bon. Kama mutu hayuko, basi maneno ni yako. Andika: maneno ya numero kumi na nne niliyabuni mwenyewe. Tia saini."

Nikaandika. Mwandiko haukuwa wangu. Ulikuwa wa mtoto wa darasa la pili. Alikunja karatasi, akaiweka mfukoni mwa abakosti, akanirudishia daftari. "Soma vizuri," alisema. "Nchi inahitaji wasomi."

Nilipofika nje nilitaka kucheka, kwa sababu nilikuwa huru. Lakini kabla sijafika sokoni hofu mpya ilikuwa imenikuta. Sasa kulikuwa na karatasi duniani yenye saini yangu inayosema kwamba mimi ni mtafiti mwongo. Ikifika chuoni, miaka yangu yote mitano ya chuo imekwisha.

Nilikaa juma zima kabla ya kwenda kumwonya yule mama. Niliogopa kufuatwa, nikapita njia ya kuzunguka. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Nilidhani atalia, au atanishukuru kwa kumficha.

"Umeandika kama mimi ni uongo?" aliuliza.

"Mama, ilikuwa kukulinda."

"Nilikuomba unilinde?" Aliongea bila kupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mimi najua wale watu wa ofisi ni nani. Wanakaa hapa hapa. Nilikuambia sababu wewe unaandika. Mume wangu anakaa ndani, watu wanasema alizaliwa na sikio mubaya. Nilitaka hiyo habari ikae mahali fulani." Akageukia samaki wake. "Enda, mutoto yangu. Utachelewa masomo."

Nilirudi nyumbani nikakaa na kurasa zangu. Siku nyingi niliandika na kufuta. Mwishoni katika sura ya tatu nilibakiza sentensi moja: "Mjibu mmoja alieleza kwamba sehemu ya samaki hutoka nje ya ugawaji wa familia." Nilijiambia kwamba anayejua atajua.

Siku ya kutetea, walimu watatu walikaa mezani, na kila mmoja alikuwa na bahasha mbele yake. Sikuweza kuondoa macho kwenye bahasha zile. Niliongea Kifaransa changu chote nikisubiri mkono utoe karatasi iliyokunjwa. Profesa wa katikati alifungua mémoire yangu kwenye sura ya tatu.

"Hapa unasema samaki hutoka nje ya familia. Huenda wapi?"

Niliona midomo yake, niliona mlango, na bila kugeuka niliwaona watu waliokaa nyuma yangu. Mle ndani sikujua nani anaandika nini, wala anampelekea nani.

"Sokoni, Profesa," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa, akafurahi. Walinipa distinction, alama ya juu. Bahasha zilikuwa na karatasi za alama tu.

Baba yangu, muuguzi kule Basoko, mji wa mbali mtoni, alikuwa amekuja kwa mashua kusikia. Hakuelewa maneno mengi ya siku ile, lakini aliona mikono yangu. Jioni, nyumbani kwa tantine, tulipobaki wawili mezani na sahani za kuku bado hazijaondolewa, akaniuliza, "Wamekusifu. Mbona ulikuwa unatetemeka?"

Papa, ndivyo nilivyomwita, alikuwa mtu aliyewatuliza watu. Nilimwona mara nyingi akimshika mgonjwa anayepiga kelele, na sauti yake haikubadilika hata kidogo. Nikamwambia kila kitu: mama yule, sikio la mumewe, karatasi, na neno moja nililolisema mbele ya walimu. Nilitaka aniambie kwamba nilifanya vizuri, au kwamba nilifanya vibaya. Lolote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka taratibu, akaenda dirishani, akatazama uwanja wa jirani upande huu na upande ule, akafunga dirisha.

"Ongea kwa sauti ya chini," alisema.