K ya Baba

Mtanicheka, na mna haki. Wiki jana nilitumwa kwenye kiwanda cha chai cha kwetu Kibugu niunganishe laptopu na vidhibiti vya mitambo, kisha niandike kila waya unaendesha nini. Marehemu baba alikuwa fundi wa umeme hapo hapo. Kufungua kabati la nyaya, nikakuta vibandiko alivyoviandika kwa mkono wake, wino umefifia. F zilikuwa feni. Kimoja kiliandikwa K tu.

"Hii nayo ni ya nini?" akauliza msimamizi, Mama Wanja.

"Mwandiko wa baba siwezi kuukosea," nikajigamba. "K ni kikaushio."

"Kikaushio leo kiko tupu. Si ujaribu basi?"

Nikaandika "kikaushio", nikabonyeza.

King'ora kikalia juu ya paa. Kile kile cha utotoni, kilichotutoa shambani saa sita tukale githeri, kilichonyamaza tangu baba astaafu. Machozi yakanilengalenga, nikasahau kukizima. Kumbe ilikuwa saa tatu asubuhi, na zamani kikilia nje ya saa sita, ni ishara kwamba kiwanda kinaungua.

"Ni stima tu imeleta shida," nikamdanganya Mama Wanja.

Mara wachumaji wakaingia getini mbio na ndoo za maji, mama yangu mbele.

"Moto uko wapi?"

Wafanyakazi wote wakanigeukia. Mama akaitazama laptopu, akatua ndoo.

"Niliposikia, nikamkumbuka baba yako," akasema akihema. "Lakini yeye alijua kusoma saa."