Mtampoi Usiozaa

Mama Selaka, mjane wa nyumba ndefu ya familia nyingi iliyo kando ya mto Serubah, alikuwa na mtampoi mmoja tu msituni, mti wa matunda matamu. Ulikuwa wake kwa sababu yeye ndiye aliyetangulia kufyeka vichaka kuuzunguka. Ndiyo desturi ya kabila lake, Waiban. Kila msimu wajukuu wake walikula matunda yake mpaka midomo ikanata.

Hatua thelathini kutoka hapo ulisimama mtampoi mwingine, ambao haukuwahi kuzaa hata tunda moja, wala hapakuwa na mtu aliyejisumbua kufyeka chini yake. Shemeji wa Mama Selaka, Umpang, alitangaza kwamba kesho yake angeukata apate nguzo za ghala la mpunga.

Mama Selaka alikwenda kuutazama. Ulikuwa umechanua. Alipokung'uta kishada kimoja cha maua kiganjani, kikamwaga unga wa manjano. Akakung'uta cha mti wake, hakikutoa kitu. Alikaa kitako mpaka jua likaanza kushuka, akiwafuatilia kwa macho nyuki waliotoka mti ule na unga wa manjano miguuni, wakatua kwenye maua ya mti wake.

Umpang alipofika asubuhi na shoka, alimkuta amekwisha kufyeka duara zima kuuzunguka mti ule.

"Shemeji, umekosa mti wa kumiliki? Huo tasa. Utakula maua?"

"Maua wale nyuki. Mimi nataka kujua wanachoniletea."

"Na wakikuletea miiba?"

"Nitakuita uje ucheke. Lakini shoka lako lisiguse mti wa mtu."

Umpang alicheka, akaliweka shoka begani, akaenda kutafuta nguzo ng'ambo ya mto.