Gunia Nyuma ya Mlango

Watu walimwita Mzee Gundi, na hata mkewe alipokasirika alimwita hivyo hivyo. Miaka thelathini na minne ya kujalidi vitabu ilimwachia vidole vigumu kama soli ya kiatu, na ukaidi ambao mkewe alisema nao uligandishwa kwa gundi ileile. Chumba chake cha kazi kilikuwa na meza moja, ubao wa kubania wenye skrubu mbili, sindano na uzi, na nyuma ya mlango msumari uliotundikwa gunia jeupe. Gunia hilo halikuguswa na mtu mwingine. Kila karatasi yenye jina la Mungu au la mtume iliyobaki kwenye kazi iliingia humo, na likijaa alikwenda uani, akachoma konzi kwa konzi ndani ya pipa, kisha akazika majivu. Ndivyo alivyomrithi marehemu baba yake. Neno tukufu halitupwi jalalani likakanyagwa. Likichakaa husitiriwa kwa moto na udongo.

Mwezi ule kanisa la mtaa wa pili lilimletea Biblia yake kubwa, ile inayosomwa mbele ya watu. Aliyeileta ni katekista, mwalimu wa dini wa kanisa hilo na jirani yake wa siku nyingi, mtu wa utani ambaye hakuwahi kupita mlangoni bila kuuliza kama gundi imekauka. Panya walikuwa wametafuna kurasa kumi na tisa. Katekista alileta nyingine zilizochapwa upya. Gundi azitoe za zamani, ashone mpya, avike jalada. Za zamani ziende wapi, katekista hakusema na Gundi hakuuliza. Kwake jambo lilikuwa wazi mno kuulizwa.

Siku aliyozitoa, aliingia shemeji yake, kaka wa mkewe, muadhini wa msikitini. Alikuja kuangalia msahafu wa marehemu baba yao, uliokuwa mezani umeshonwa nusu.

"Hizo unazozikunja kwa adabu ni za nini?" muadhini aliuliza.

"Habari za Musa. Panya wamezila."

"Musa, alayhi salaam, ni wetu. Taurati tunaiamini kwamba iliteremshwa, na Zaburi, na Injili. Lakini hiki walicho nacho leo kimepita mikononi mwa watu, shemeji."

"Sikukatalii. Basi nionyeshe palipoguswa na mikono, nipakate kwa wembe, panapobaki nipasitiri."

Muadhini alicheka kidogo. Hakuwa mjinga, wala hakuwa na roho mbaya. "Heshima ni sawa," alisema. "Zitafutie mahali pake tu. Usizichanganye na zetu."

Gundi akaitikia "hmm", ile ya mtu asiyetaka kukubali wala kugombana. Shemeji alipotoka, kurasa zote kumi na tisa ziliingia gunia lilelile. Alijiambia kwamba jina la Musa halibadiliki kwa kubadilisha gunia. Labda ni kweli, lakini mtu mzima anayefanya jambo baada ya kusubiri shemeji yake atoke, anajua vizuri kwa nini amesubiri.

Jumamosi asubuhi, gunia limejaa, akawasha pipa, akaanza na konzi chache za juu. Upande wa pili wa ukuta jirani alikuwa anaanika nguo, mama mmoja mwimbaji wa kwaya. Aliona ukurasa unajikunja motoni, akausoma, akausoma tena. Hakupiga kelele. Alitoa simu, akapiga picha, akaituma.

Kabla ya adhuhuri uchochoro ulikuwa umejaa. Kwaya nzima ilikuja, na vijana ambao kwaya haikuwajua. "Kachoma Biblia!" Mtu alipiga teke mlango, mwingine akauliza kwa sauti duka la karatasi linachukua muda gani kuungua. Gundi alisimama nyuma ya meza. Aliogopa, tusidanganyane, na mikono iliyoshona maelfu ya vitabu haikujua pa kushika. Mkewe alikuwa ndani, na nyumba ilikuwa na mlango huo mmoja wa kutokea uchochoroni.

Muadhini akapenya na watu wanne wa msikitini, wakasimama ukutani, macho makali. Alimwinamia sikioni. "Sema zilichanganyika na takataka. Bahati mbaya. Wataondoka."

Uongo wenyewe ulikuwa mwepesi, na ungemwokoa. Lakini alipotaka kuutamka, katekista akaingia. Siku hiyo hakuuliza habari za gundi.

"Nimekukabidhi kitabu cha watu," alisema, sauti imekauka. "Umekichoma?"

Gundi alimtazama, akamtazama shemeji yake. Kama zilikuwa takataka, basi alimtupia jirani yake maneno ya Mungu jalalani. Na kama hazikuwa takataka, ushahidi ulikuwa mmoja tu, nao ungemwumbua kwa watu wa ukutani. Akatoka nyuma ya meza, akaliangua gunia msumarini, akamwaga mezani vilivyobaki.

Zilitoka kurasa za msahafu zilizofifia, juzuu za madrasa zilizoraruka, na katikati yake kurasa saba za Biblia zenye meno ya panya, zimekunjwa pamoja na zile.

"Nilizichoma," alisema. "Nazichoma hivi hivi zetu. Sikuona pengine pa kuziweka zaidi ya hapa. Kosa langu sikukuuliza, na hilo linaniuma."

Kelele zilishuka. Katekista alishika ukurasa mmoja, akaugeuza, akaangalia pembe iliyotafunwa.

"Ungeuliza," alisema.

"Ningeuliza. Nyinyi mnazifanyaje?"

Katekista akawageukia watu wake mlangoni. "Sisi tuliziachia panya."

Mama wa kwaya aliinamisha kichwa, na vijana wa nyuma wakaanza kupungua. Lakini ukutani hakuna aliyepungua.

"Gunia moja," muadhini alisema polepole. "Nilikwambia, shemeji. Ukaniitikia." Akauchukua msahafu wa baba yake mezani, sindano bado inaning'inia, akaubana kifuani na kutoka.

"Uzi!" Gundi alimwita. "Shemeji, fanya utakavyo, lakini uzi haujafungwa! Zitamwagika!"

Muadhini hakugeuka. Hatua ya tano, ukurasa mmoja ukachomoka, ukaelea, ukatua kwenye vumbi la uchochoro, mbele ya macho ya wote. Hapo ndipo aliposikia kimya na kugeuka, lakini alikuwa amekumbatia msahafu usiofungwa, na akiinama tu zote zitamwagika. Wenzake walikuwa bado wamekwama ndani, nyuma ya kwaya. Upepo ukauinua ukurasa pembe moja.

Katekista, aliyekuwa amemfuata hadi nje, ndiye aliyekuwa karibu. Alichuchumaa, akanyoosha mkono, kisha akauzuia hewani, akamtazama muadhini usoni.

"Niuguse?"

Muadhini alimtazama, akautazama mkono ule uliokuwa unasubiri.

"Uokote, ndugu yangu," alisema. "Kwa mikono miwili. Kisha mpe Gundi aushone."