Wapokeaji Wanne wa Kocha Haverkamp

Nimeishi katika miji ambako watu hugombania maji, na katika mmoja waligombania mfupa wa mtakatifu. Huko Sorrel, magharibi mwa Texas, mwaka niliopanga chumba nyuma ya nyumba ya Royce Haverkamp, waligombania mpira. Si ule wa kupigwa teke. Ni ule wenye umbo la yai, unaorushwa kwa mkono, ambao kila Ijumaa jioni kuanzia Agosti hadi Novemba ulifunga maduka yote ya mji.

Royce alikuwa na miaka sitini na moja. Asubuhi alifundisha jiografia, mchana aliwafundisha wapokeaji, yaani vijana wanaokimbia mbele kudaka mpira wa mrushaji. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka thelathini na moja katika shule ile ile ya sekondari. Mkewe alikuwa amekufa zamani na hawakujaliwa mtoto. Mtu akimuuliza ana watoto wangapi, alijibu, "Wa mwaka gani?"

Katika vijana wote, aliyemwingia moyoni ni Jarvell Mims. Baba yake Jarvell, Lonnie, naye alidaka mpira chini ya Royce, kijana mwenye mikono laini kuliko wote waliopita pale. Alipomaliza shule alikwenda kwenye visima vya mafuta, na akiwa na miaka ishirini na sita bomba likamwangukia. Siku ya mazishi Royce alimwahidi mama wa marehemu, Bi Ernestine, kwamba mtoto wa Lonnie hatafanya kazi kisimani. Atadaka mpira mpaka chuo kikuu kimchukue na kumsomesha. Jarvell alikuwa na miaka mitatu siku hiyo. Sasa alikuwa na kumi na saba, na huu ulikuwa mwaka wake wa mwisho shuleni.

Chini ya kocha mkuu wa zamani mambo hayakuwa magumu. Mchezo ukibana, Royce alisimama pembeni mwa uwanja na kushika kiwiko chake cha kushoto. Maana yake ilikuwa mpira uende kwa mpokeaji wa kwanza, liwalo na liwe. Mpokeaji wa kwanza alikuwa Jarvell, na mwaka uliotangulia alidaka mipira tisa karibu kila mchezo.

Halafu mzee yule akastaafu, na akaja Brett Kessler, mwenye miaka thelathini na mitatu na mfumo mpya wa kushambulia. Katika mfumo huo wapokeaji wanne wanatawanyika uwanja mzima. Mrushaji hatazami wenzake, anatazama walinzi wa upande wa pili. Walinzi wakimwelemea mmoja, mpira unakwenda kwa aliyeachwa. Hakuna wa kwanza.

Agosti nzima, katika mgahawa wa Darlene, mji ulijaribu kugawa mpira kabla haujarushwa. Gil Oakes, mwenye duka la matairi, alipanga wapokeaji mezani: chupa ya pilipili ilikuwa Jarvell, kikopo cha chumvi kilikuwa Chuy Longoria, kijana mdogo wa umbo, mtoto wa fundi wa kuchomelea vyuma, na vijiti viwili vya meno vilikuwa wale wengine. Pilipili itapata minne, alisema, chumvi minne, vijiti mitatu mitatu. Darlene akamwambia aache kuchezea vyombo vyake, maana kwa miaka ishirini hajawahi kumwona Gil akigawa kitu kikatosha. Royce alikunywa kahawa yake.

Kwenye mkutano wa wazazi, mtu mmoja alisimama akamuuliza Kessler mpira utakuwa wa nani.

"Wa aliye huru, bwana," Kessler akajibu. "Kama aliye huru ni muuza tiketi, tutamrushia yeye."

Watu walicheka. Royce aliniambia baadaye, akigeuza soseji kwenye kikaango, kwamba yule kijana hakosei hata kidogo. Angekuwa na umri wake, angeuiba mfumo ule. "Lakini msaka vipaji wa chuo hatazami nani alikuwa huru," alisema. "Anatazama umedaka mingapi."

Michezo minne ya kwanza walishinda yote. Jarvell alidaka mitatu, minne, miwili, minne. Chuy alidaka saba, nane. Waliojua mchezo waliona sababu: kila Jarvell alikokwenda, walinzi wawili walimfuata, na nafasi waliyoiacha Chuy aliitumia. Jarvell hakulalamika. Aliyelalamika ni Royce, tena kwa vitendo. Katika mchezo wa pili alimnong'oneza mrushaji, Tanner Sikes, amtazame Jarvell kwanza. Kessler akajua. Akamwita ofisini, akamwambia kwa adabu, mlango ukiwa wazi, kwamba akirudia atabaki na jiografia yake tu, uwanjani asionekane. Vijana waliokuwa kwenye korido walisikia kila kitu. Royce alikuwa amebakiza mwaka mmoja kabla ya kustaafu, na aliutaka mwaka huo uwanjani.

Wiki ya tano zikaja habari kwamba chuo kimoja cha kaskazini kinamtuma mtu kumtazama Jarvell. Alhamisi, kama ilivyo desturi, akina mama wa kanisa la Kibaptisti walilisha timu ukumbini kwao. Bi Ernestine alikuwa kwenye sufuria ya kunde. Alipomfikia Royce alishikilia upawa juu ya sahani yake bila kumimina.

"Kocha, kesho mjukuu wangu atapewa mpira, au atakimbia bure tena kama mbwa nyuma ya gari?"

"Nitafanya ninaloweza, Bi Ernestine."

"Nimekuuliza habari za kesho. Unaloweza sikuliuliza."

Akamimina.

Kwa kawaida Kessler ndiye aliyechagua shambulio na kulituma kwa visikilizi vya masikioni. Wasaidizi wawili waliosimama pembeni waliwaonyesha vijana kwa ishara za mikono, mmoja akitoa ishara za kweli na mwingine za uongo ili kuwapoteza wapinzani. Wiki ile mkweli alikuwa Royce. Mchezo ulikaribia mwisho Jarvell akiwa amedaka miwili tu. Sorrel walikuwa nyuma kwa pointi nne, sekunde arobaini zimebaki, na mstari wa kufungia uko karibu. Msaka vipaji alikuwa safu ya tatu, kofia magotini. Kessler akatuma shambulio: wanne watawanyike, Tanner achague aliye huru. Royce akalionyesha lote, ishara kwa ishara, bila kukosea. Kisha mkono wake wa kulia ukapanda ukashika kiwiko cha kushoto.

Tanner alikuwa ameitii ishara ile miaka miwili. Alirusha kwa Jarvell, aliyekuwa katikati ya walinzi watatu, na mmoja wao akaunyakua mpira, na mchezo ukawa umepotea. Upande wa pili wa uwanja Chuy alikuwa peke yake, mkono juu. Angeweza kuvuta kiti akakaa.

Kila Jumamosi asubuhi timu nzima hutazama video ya mchezo wa jana, vijana kwenye mabenchi, makocha ukutani. Kessler aliirudisha ile sehemu mara mbili, kisha akaisimamisha.

"Tanner, hapa unamwona nani?"

"Chuy, Kocha."

"Yuko na nani?"

"Peke yake."

"Sasa mpira umefuata nini huku?"

Tanner akatazama viatu vyake. Kwenye pembe ya picha, mdogo kama ukucha, alikuwepo Royce na kiwiko chake. Kessler hakuijua ishara ile, ilikuwa ya kabla yake. Vijana tisa wa mwaka wa mwisho waliijua. Hata mmoja hakugeuza shingo.

"Ni mimi, Kocha," Jarvell akasema. "Nilimwambia anirushie mimi, hata iweje. Yule bwana wa chuo alikuwa anatazama."

Kessler akamuuliza Tanner kama ni kweli. Tanner akasema ni kweli.

Royce alikuwa amekaa karibu na mlango. Aliniambia kwamba mara tatu alivuta pumzi aseme. Mara ya tatu video ilikuwa imeshaendelea, na watu walikuwa wanatazama kitu kingine.

Jarvell alifungiwa michezo miwili. Jumatatu msaka vipaji akapiga simu, na Kessler, ambaye hakujua kudanganya hata kwa faida ya mtu, akamweleza alichoambiwa: mikono ni mizuri, ila kijana alibadilisha shambulio kwa ajili yake mwenyewe. Mtu yule akasema wa namna hiyo chuoni kwake wanatosha. Akauliza habari za Chuy.

Kwa siku kumi na mbili Royce alikula amesimama, kama mtu anayengoja kuitwa. Jarvell aliendelea kumsalimia kila mchana na kumbebea mfuko wa mipira. Siku moja, wakiwa wawili uwanjani, Royce akamuuliza kwa nini alisema vile.

"Wangekufukuza, Kocha, na umebakiza mwaka," Jarvell akasema. "Mimi bado nina michezo mitano."

Kijana aliamini hesabu hiyo. Huyo mmoja hakumtaka, watakuja wengine. Royce, aliyewaona wasaka vipaji kwa miaka thelathini na moja, alijua kwamba Sorrel hawaji mara mbili.

Siku ya kumi na tatu aliingia ofisini kwa Kessler, akaweka funguo za stoo ya vifaa mezani, akasema yote. Kessler alipiga simu chuoni papo hapo, Royce akiwa amesimama mbele yake. Walikuwa na nafasi moja ya mpokeaji, na walikuwa wameshampa Chuy Longoria. Kessler akaweka simu chini taratibu.

"Ungesema Jumamosi," akasema.

Mbele ya watu alitangaza kwamba Kocha Haverkamp anapumzika kwa sababu za afya. Nadhani aliona ni huruma. Lakini kwa huruma hiyo mji ulibaki na hadithi ya kwanza. Kwenye mgahawa Gil Oakes alimbatiza Jarvell "Bwana Nirushie", na jina likashika. Jarvell alirudi uwanjani, akadaka sita katika mchezo wa mwisho, kwenye upepo mkali, na hapakuwa na msaka vipaji hata mmoja wa kumtazama. Tulisubiri barua ya chuo chochote mpaka Machi. Juni akaajiriwa na kikosi cha wachimba visima vya mafuta.

Wiki ya pili ya kazi ya kijana, Royce aliniomba nimpeleke kwa Bi Ernestine. Tulimkuta barazani akimenya kunde. Royce hakukaa. Alimweleza kuhusu kiwiko, video, pumzi zile tatu, na ile Jumatatu. Hakujitetea popote. Bibi hakuacha kumenya mpaka Royce alipofika mwisho.

"Krismasi nzima," Bi Ernestine akasema, "nilimwambia mtoto yule kwamba uroho wake ndio uliomponza. Mezani, mbele ya shangazi zake. Alisema, ndiyo, bibi."

Royce akasema anajua.

"Hujui. Hukuwepo." Akafuta mikono kwenye aproni. "Nilikukabidhi mtoto huyu kwa kuwa ulikuwa kocha wa baba yake. Sasa kaa. Saa kumi na mbili anatoka zamu, hunipigia. Utapokea simu wewe. Mimi sijui nianzie wapi."

Tukakaa watatu, karibu saa nzima. Alimsogezea Royce bakuli, naye akawa anamenya, vibaya, akiziponda nyingine. Simu ilipolia bibi aliitazama tu mpaka Royce akainyanyua.

"Jarvell, ni Kocha. Niko kwa bibi yako."

Ilisikika mitambo kwanza, halafu kijana, kwa haraka: "Kuna nini? Bibi ni mzima?"

"Ni mzima," Royce akasema. "Anajua."

Bi Ernestine akanyoosha mkono apewe simu.