Akifa Nitamzika

Wiki iliyopita tulimzika huko Mbweni fundi mmoja, mpaka chokaa, ambaye wengi katika wasomaji wangu wa mjini wanalala ndani ya kuta alizozipaka, bila ya kumjua. Mimi nilimjua kwa kuwa tukisali kanisa moja, au tuseme yeye akisali nami nikikaa pembeni yake, maana tangu nirudi masomoni Kampala nna maswali mengi kuliko maombi. Maziko yalijaa watu. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula, na si kwa huzuni tu. Niliona kinyaa.

Zilipoingia siasa za vyama, yeye na shemegi yake, kaka wa mkewe, waliangukia pande mbili. Siku moja walitukanana barazani, na tangu hapo shemegi hakumwitikia tena salamu. Mji umejaa watu wa namna hiyo siku hizi; hata arusi ya jirani hawendi. Lakini mpaka chokaa alikuwa na tabia ya kuyachukua mahubiri kama yalivyo. Alisikia kwamba mwenye ugomvi na nduguye aiache sadaka yake mbele ya madhabahu, akapatane naye kwanza. Basi Jumapili, wakati wa kutoa sadaka, akakiweka chini kikapu chake cha mayai, akavuka mpaka benchi la shemegi yake, akamnyooshea mkono uliochanikachanika kwa chokaa.

"Shemegi, nnakuomba radhi. Nilikutukana."

Shemegi akageukia ukutani.

"Kaa kitako, bwana weye, mayai yataanguliwa!" akasema mtu nyuma yangu, na watu wakacheka. Jumapili iliyofuata akarudia. Safari hii mzee wa kanisa akamwita kando.

"Unatuvurugia ibada. Kapataneni huko nje."

"Nje wapi, mzee wangu? Njiani ananikimbia. Hapa tu ndipo anapokaa."

Alipougua kifua, mkewe alikwenda kwa kaka yake, nami nikamsindikiza. Tulimkuta anakunywa kahawa.

"Kaka, mwenzio anakutaka weye kuliko dawa. Njoo umpe mkono tu, hata kama huna la kusema."

"Wenzangu wa chama wakiniona naingia kwake, watasemaje?"

"Anakufa, kaka."

"Akifa nitamzika," akajibu, akamimina kikombe kingine.

Na kweli alimzika. Alishika jeneza mbele kabisa, akalia kwa sauti, kisha akasimama kaburini akatangaza kwamba amemsamehe marehemu yote. Mzee wa kanisa akafuta machozi, akasema huo ndio upatanisho wa Kikristo. Watu wakaitikia amina. Mjane hakuitikia. "Leo ndo kapata nafasi?" aliniuliza.

Katika dini yetu yako mengi ninayoyatilia shaka, lakini hili silitilii: agizo lile linamtaka mtu aende kwa aliye hai, anayeweza kumfukuza. Kumsamehe maiti hakumgharimu mtu hata aibu ya kuonekana mlangoni, na kanisa linaloliitikia amina jambo hilo linanichefua kuliko siasa zenyewe. Wewe unayesoma hapa unaye mtu usiyemwitikia salamu kwa sababu ya chama. Nenda kwake leo, akufukuze ukiwa umeshafika. Ukishindwa, basi siku ya maziko yake kaa kwako. Jeneza lake waachie wale waliokuwa wakimwitikia.