Mantabali ya Ami Hamdu

Wenzangu mliokulia Sur, huku Omani, katika mtaa wetu ule wa watu waliorudi kutoka Unguja, mnaikumbuka harufu ya baada ya Alasiri? Tulikuwa tukitoka chuoni na misahafu yetu kifuani, na kabla hatujakata kona, kitunguu na samli vishatupokea. Ami Hamdu alikuwa ameshaweka chuma chake cha kukaangia mbele ya mlango wa nyumba yake, amevaa kikoi na fulana, kofia imerudi kisogoni, anakaanga mantabali. Vijana wa leo wanaiita pizza ya Zanzibar, na wanaitia chokoleti na ndizi, Mungu awasamehe.

Ya Ami Hamdu haikuwa na mambo hayo. Alichukua donge la unga lililolala ndani ya mafuta, akalivuta kwa vidole mpaka likawa jembamba kama mtandio. Juu yake nyama ya kusaga, au nguru siku ambazo samaki ni wengi, kitunguu, pilipili mbichi, na ndimu kavu aliyoitwanga mwenyewe, kisha yai. Akakunja pembe zote nne, akailaza kwenye chuma. Ukiiuma, nje inavunjika na ndani ni laini, na ile ndimu inakukamata nyuma ya taya mpaka unafumba jicho.

Mengine ya haya niliyaona kwa kuchungulia mlangoni, mengine niliyasikia. Kusimama pale sikuruhusiwa. Mantabali ilikuwa kazi ya wanaume, chakula cha njiani, na mwanamke wa heshima hakuipika hata jikoni kwake. Mama alimtuma ndugu yangu Khalfan na sahani iliyofunikwa kawa, na mimi nikijaribu kumfuata nilivutwa kwa ushungi. "Mtoto wa kike hasimami penye chuma cha watu," alikuwa akisema. "Utakula, si itakuja?" Na kweli ilikuja, kila siku, ya moto. Nani angefikiri kwamba siku moja haitakuja?

Sasa naishi Nizwa, mume wangu alihamishiwa huku kikazi, na Mama tunaye sisi tangu nyumba ya Sur ilipofungwa. Sina la kuusema mji. Halua yake tamu na watu wake wazuri. Lakini Mama ameacha kula. Daktari hakuona ugonjwa, kasema ni utu uzima. Asubuhi kikombe cha chai, jioni kipande cha mkate, na hicho nacho anakizungusha tu sahanini. Ananyauka mbele ya macho yangu na mimi nimekaa na mwiko mkononi. Halafu Alasiri moja akasema, bila kuulizwa, "Ningepata mantabali ya Hamdu, ningekula."

Niliruka kama msichana. Mwanangu Nasri akasema, "Yumma, basiti, jambo dogo hilo, dakika tu," akarudi na boksi la pizza kubwa kama meza, jibini inavutika kama mpira wa manati. "Bibi, hii asli, ya Italia." Mama alimbusu mkono mjukuu wake, akala zeituni moja. Nikaenda mwenyewe kwenye mkahawa ulioandika Zanzibar mlangoni. Kijana mle ndani aliniuliza kama naitaka ya Nutella.

Ndipo nikasikia kwamba katika mji wa Ibra, kwenye lile soko la Jumatano ambalo wauzaji na wanunuzi ni wanawake peke yao, yuko Bi Zuwena, mtu wetu, anauza vyakula vya kwetu. Nikasema, basi, nimepata. Nasri alinipeleka, akabaki ndani ya gari kwa kuwa mle wanaume hawaingii. Nilimkuta Bi Zuwena kati ya wauza vitambaa na manukato, mbele yake vitumbua, sambusa na mkate wa kumimina. Nikamwamkia shikamoo, nikamtajia mantabali. Alinitazama kwa huruma.

"Mantabali, binti yangu? Ile ya wanaume. Sisi nani alitufundisha?"

Nilisimama katikati ya soko lile, mafundi wa kupika wamenizunguka kila upande, na hata mmoja hakufundishwa. Bi Zuwena alinifungia vitumbua na hakutaka kusikia habari ya malipo. Njia nzima kurudi nilitafuta kichwani nani mwingine anaijua. Ami Hamdu kashatangulia mbele ya haki. Alijaliwa mabinti tu, na wao pia hakuwaacha wasogelee chuma. Nikampigia simu Khalfan aliyeko Maskati, yeye aliyesimama pale utoto wake wote.

"Dada," akasema, "mie nilikuwa natazama wenzangu wakicheza mpira."

Basi nikajaribu mwenyewe. Unga ulipasuka. Nikakanda mwingine, nikauacha zaidi kwenye mafuta, ukapasuka tena, yai likamwagika na kuungua. Ile niliyompelekea Mama ilikuwa nene kama chapati. Nilitia ndimu kavu, nikaomba Mungu. Alitafuna polepole, muda mrefu, akameza kwa maji. Kisha akaisogeza sahani kando.

"Umejitahidi, mwanangu," akasema. Akanishika ushungi, pale pale alipokuwa akinivutia zamani. "Ningalijua, ningalikuacha usimame."

Tangu siku hiyo hajaitaja tena mantabali, na mimi nimeogopa kumuuliza anatamani nini.

Wajukuu zangu wanasimama popote wanapotaka. Wasichana wanapika mbele ya simu, dunia nzima inawatazama, na wakiungua kidole wanapeleka picha kwanza ndipo watafute maji. Siwalaumu, nawaonea gere. Nimewaomba wanitafutie mantabali ya Sur humo humo ndani ya simu, wakatafuta, wakanionyesha chokoleti. Ikifika Alasiri nafungua dirisha la jikoni, Mama yuko nyuma yangu kitini, sahani yake imefunikwa kawa, haijaguswa. Zamani harufu ilinifuata mpaka chumbani na nilikatazwa kuifuata. Leo hakuna wa kunikataza, na hakuna pa kusimama.